Tumsitiri binti, tusimfichie mkosaji

 

Katika kabati la ofisi ya msikiti wetu, huku Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa, limo daftari la wanafunzi wa madrasa. Katika ukurasa mmoja lipo jina la binti lililopigwa mstari kwa wino mwekundu. Mstari huo tuliupiga sisi wenyewe, kwa kalamu ya ukatibu tuliyokabidhiwa na Waislamu wenzetu. Binti alikuwa na umri wa miaka 15, na alikwisha kuhifadhi juzuu mbili. Siku moja yakaenea maneno kijijini kwamba ana mimba, na jioni hiyo hiyo kamati ikakaa baada ya Sala ya Isha.

Tukikumbuka kikao kile, linalotuumiza ni maswali ambayo hayakuulizwa. Hakuna aliyeuliza nani amempa mimba. Hakuna aliyeuliza kama amekwisha kwenda kliniki, wala atalala wapi usiku huo. Tulizungumzia heshima ya madrasa na hofu ya wazazi wa wanafunzi wengine. Tukaafikiana kwa haraka kwamba jina liondolewe, na katibu akaliondoa.

Binti alipelekwa kwa shangazi yake, huko milimani upande wa Mbinga. Alijifungulia nyumbani baada ya uchungu wa siku mbili, bila nesi wala mkunga. Yeye alinusurika, mtoto hakunusurika. Habari zilipotufikia tulisema Inna lillahi, tukatikisa vichwa, tukatawanyika. Imetuchukua muda mrefu kukiri kwamba katika msiba ule sisi nasi tulikuwa na sehemu yetu. Pengine tusingekiri hata leo, lau kisa cha pili kisingetujia.

"Mnisitiri"

Kisa hicho kilitokea mwaka jana, usiku ambao mwezi haukuonekana na wavuvi wa dagaa walikuwa ziwani na taa zao. Baba mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, alibaki nyuma baada ya Isha. Watu walipokwisha kutoka alimsogelea imamu, nasi tukiwa tunafunga madirisha.

"Sheikh, nimekuja mnisitiri," alisema. "Binti yangu ana mimba. Kijana mwenyewe hakukataa. Tufunge ndoa Ijumaa hii, mambo yaishe."

Imamu alimkaribisha mkekani. "Pole sana, mzee wangu. Binti ana umri gani?"

"Kumi na sita."

"Anasoma?"

"Kidato cha pili, Sheikh. Lakini shule ndiyo imekwisha tena."

"Na huyo kijana ni nani?"

Ikadhihirika kwamba huyo aliyeitwa kijana alikuwa mtu mzima aliyepindukia miaka 30, mwenye mtumbwi wa injini na nyavu zake, na mke na watoto katika kijiji kingine. Alikwisha kumtumia baba fedha kwa simu na kuziita mwanzo wa mahari.

Imamu alitugeukia. "Katibu, wewe umekaa chuoni na sheria za nchi unazisoma. Unasemaje?"

Wino mwekundu ulitujia akilini. Tukajibu kwamba ndoa ile haiwezi kufungwa katika msikiti wetu. Mengi aliyotuambia baba yule usiku ule hatutayaandika, kwa kuwa yalikuwa maneno ya mzazi aliyeungua moyo. Moja tu tunalitaja, kwa sababu lilitukosesha usingizi. Alisema kwamba kamati inayoshindwa kumsitiri muumini si kamati ya Waislamu.

Sitara ni ya nani?

Neno lile lilituingia kwa sababu lina asili katika dini. Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu, naye Allah (s.w) humsitiri duniani na akhera. Lakini wanazuoni waliofafanua mafundisho hayo hawakuyaachia kila mtu ayatumie apendavyo. Imamu Nawawi, katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, ametenganisha mtu aliyeteleza, ambaye hakujulikana kwa uovu, na mtu anayejulikana kwa madhara na ufisadi. Wa kwanza husitiriwa. Wa pili ni bora afikishwe kwa mwenye mamlaka, kwa kuwa kumsitiri ni kumpa nafasi ya kudhuru mwingine.

Basi tujiulize kwa uadilifu: ndoa ile ya Ijumaa ingemsitiri nani? Binti angetolewa shuleni na kuwa mke wa pili wa mtu aliyemzidi umri karibu mara mbili, ambaye hakumchagua. Aliyesitirika angekuwa mwanamume. Angeketi mbele ya imamu, akapewa mikono ya pongezi, na asubuhi akarejea ufukweni kuwauzia dagaa mabinti wengine.

Sheria ya nchi nayo haikuacha utata. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kumuoa mwanafunzi ni kosa, na anayesaidia ndoa hiyo ifungwe naye ana hatia, ambayo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote pamoja. Imamu na katibu wa msikiti hawakutolewa nje ya sheria hiyo. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inamhesabu mwanamume anayemwingilia binti aliye chini ya miaka 18, asiye mke wake, kuwa amebaka, hata kama binti anasemekana alikubali.

Wapo ndugu watakaotuambia kwamba binti amekwisha kubaleghe, na kwamba baleghe inatosha. Jibu letu ni kwamba baleghe ni mwanzo wa kuandikiwa amali, wala si cheti cha daktari kwamba mwili umekamilika kwa uzazi. Dini iliyokataza kudhuru na kudhuriana haiwezi kufanywa hoja ya kumwingiza mtoto katika madhara.

Walii aliyeamriwa wema

Tuliposoma vyuoni tulipita juu ya hadithi ya mwanamke wa kabila la Juhayna, iliyopokewa na Imran bin Husayn (r.a). Mwanamke yule alimjia Mtume (s.a.w) akiwa na mimba ya zinaa, akakiri mwenyewe. Jambo la mwanzo alilolifanya Mtume (s.a.w) ni kumwita walii wa mwanamke na kumwamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Wanaoijua hadithi hii wanaujua na mwisho wake, nasi hatuuondoi. Lakini adhabu iliyofuata ilikuwa hukumu ya mwenye mamlaka, baada ya mtu mzima kukiri bila kulazimishwa. Baba hakupewa ruhusa ya kuitekeleza barazani kwa fimbo, wala jirani kwa ulimi, wala kamati kwa wino. Walii alipewa amri moja tu, nayo ni wema. Ikiwa wema uliamriwa kwa mtu mzima aliyekiri kosa, je, mtoto wa miaka 15 aliyedanganywa?

Hatumlinganishi yeyote na Bibi Maryam, aliyetakaswa na Mola wake. Hata hivyo, sura inayobeba jina lake inatupa funzo la mpangilio. Uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, akatamani lau angekuwa amekwisha kufa, kilichotangulia kumfikia kilikuwa faraja, maji na tende. Maneno ya watu yalikuja baadaye. Sisi tulianza na maneno ya watu, na maji hatukuyapeleka kabisa.

Deni la dagaa

Asubuhi iliyofuata mke wa imamu na ustadhati wetu wa madrasa walikwenda kukaa na binti na mama yake. Walikaa mpaka adhuhuri kabla binti hajafungua kinywa. Alieleza kwamba mama alikuwa akimtuma ufukweni alfajiri, wakati mitumbwi inaporejea, akanunue dagaa wa kuanika na kuuza. Mtu yule alikuwa akimpa ndoo kwa mkopo. Ndoo moja ikawa mbili, mbili zikawa tano. Kisha akadai deni lake.

Mama alilia. Alisema hakujua, nasi tunamwamini. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaowatuma mabinti ufukweni kabla ya jua kuchomoza na wasiulize kwa nini wamepewa mkopo ambao mtu mzima hapewi? Ni wangapi waliowapangia mabinti vyumba karibu na shule ya kata, kwa sababu nyumbani ni mbali, wakawapa debe la unga wa muhogo na kuwaaga mpaka mwisho wa mwezi? Binti wa miaka 14 anayeishi peke yake, akiishiwa chumvi na mafuta ya taa, hakosi mtu wa kumpa. Sisi tunaita jambo hilo kukosa maadili, na mara nyingi ni kukosa mlinzi.

Nasi hatuko peke yetu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionesha kwamba kati ya mabinti 100 wa miaka 15 hadi 19, mabinti 22 walikwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Idadi hiyo imeshuka kutoka 27 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Lakini kwa mkoa wetu wa Ruvuma walikuwa 37 katika kila 100, na mkoa uliotuzidi ulikuwa Songwe. Haya si mambo ya familia moja iliyopotoka. Katika kila safu ya sala yupo mzazi linayemgusa.

Milango tuliyoigonga

Mlango wa kwanza ulikuwa zahanati. Huduma za kliniki kwa mjamzito ni bure. Binti alipimwa damu, shinikizo la damu, malaria na maambukizi ya VVU, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Nesi alieleza kwa upole kwamba mama mwenye umri mdogo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, upungufu wa damu na uchungu unaokwama. Uchungu uliokwama unaweza kuua mtoto, na unaweza kumwachia mama fistula, akawa anatokwa na mkojo bila kuweza kuuzuia. Hapo tulimkumbuka yule wa kwanza na siku zake mbili za uchungu.

Alishauriwa ajifungulie hospitali. Tukakubaliana na wazazi aende hospitali ya misheni iliyoko Liuli siku zikikaribia. Wapo waliotuuliza kwa nini binti wa Kiislamu apelekwe misheni. Tuliwajibu kwamba katika mwambao huu sisi ni wachache, majirani zetu wengi ni Wakristo, na Mtume (s.a.w) mwenyewe aliwaelekeza maswahaba wake wakimbilie kwa mfalme Mkristo wa Uhabeshi ambaye kwake hadhulumiwi mtu.

Mlango wa pili ulikuwa serikali ya kijiji. Mtendaji alituunganisha na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ambayo makao yake makuu yako Mbamba Bay. Huyu ndiye mwenye dhamana ya kumsikiliza mtoto, kufuatilia matunzo na kuhakikisha hapigwi wala hafukuzwi nyumbani. Zipo pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika ngazi ya kijiji na kata, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa unaoitwa MTAKUWWA. Tunawahimiza viongozi wa misikiti waingie humo, wasisubiri kualikwa.

Mlango wa tatu ulikuwa mzito zaidi, nao ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Baba alikataa kwa siku nne. Siku ya tano alikuja mwenyewe, akatoa simu yake, akaonesha ujumbe wa fedha alizotumiwa. "Katibu," alisema, "nilidhani nimepokea mahari. Kumbe nimepokea bei." Ujumbe ule ukawa ushahidi. Mtuhumiwa alikwisha kuondoka na mtumbwi wake, na hadi tunaandika hajapatikana. Hatutasema kwamba haki imepatikana. Lakini hawezi kurudi ufukweni petu akauza dagaa kama kwamba hakuna lililotokea.

Mlango wa nne ulikuwa shule. Wazazi wengi bado wanaamini kwamba aliyepata mimba haruhusiwi kurudi. Ndivyo ilivyokuwa, na mwaka 2017 msimamo huo ulitangazwa hadharani na Rais wa wakati huo. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, warejee katika shule za serikali, na waraka ukatolewa. Mzazi aende kwa mkuu wa shule mapema, asikawie. Binti anayeona haya kurudi darasani anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au kujifunza ufundi katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi.

Neno kwa binti, na kwa kijana

Binti yetu, pengine unasoma ukurasa huu kwa siri, na wewe ndiwe unayeijua khofu hii. Ukifanyiwa jeuri, usioge wala usifue nguo kwanza. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu. Ukihisi una mimba, nenda kliniki mapema, hata kabla hujajua utamwambia nani nyumbani. Usinywe mizizi wala vidonge unavyopewa kwa kificho. Kutoa mimba ni jambo kubwa mbele ya Allah (s.w), na wengi wamekufa kwa dawa hizo. Na ikiwa umekwisha kunywa na unatokwa na damu, usijifungie chumbani kwa aibu. Nenda hospitali, utatibiwa.

Ukikosa mtu wa kumwambia, piga namba 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure, na anayepokea kazi yake ni kukusikiliza na kukuelekeza. Au mfuate shangazi yako, bibi yako, au mwalimu wa kike unayemwamini. Na ikiwa uko karibu na msikiti wetu, mwendee ustadhati. Tumekwisha kukubaliana katika kikao, na kuandika katika kumbukumbu, kwamba hakuna mtoto atakayefukuzwa madrasa kwa sababu ya mimba.

Nanyi vijana wa kiume msidhani makala haya hayawahusu. Alikuja kijana kwa Mtume (s.a.w) akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume (s.a.w) alimsogeza karibu, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa mama yake mdogo. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Nanyi jiulizeni vivyo hivyo. Nasi wazee tujiulize lini mara ya mwisho tulimsogeza kijana karibu tukazungumza naye, kabla ya kumkemea.

Mstari ambao haufutiki

Binti wa kisa cha pili alijifungua salama, mtoto wa kike. Babu yake, yule yule aliyetaka ndoa ya Ijumaa, ndiye aliyemwadhinia sikioni. Muhula ulipoanza binti alirudi darasani, na bibi anabaki na mjukuu. Si kila siku ni nyepesi. Wenzake wengine wanamcheka, maziwa yanamuuma saa za masomo, na zipo siku anarudi nyumbani akisema hatakwenda tena. Kesho yake mama humwamsha, akaenda.

Kuhusu yule wa kwanza, tulimwandikia upya jina lake katika ukurasa mpya wa daftari. Kisha tulisafiri, imamu, ustadhati na sisi, tukapanda milima mpaka kwa shangazi yake, kumwomba radhi na kumwambia nafasi yake ipo. Alitupokea kwa adabu, akatuandalia chai, akatusikiliza. Alisema amesamehe, lakini kurudi hataki. Ustadhati alimwomba walau asiache alichokihifadhi. Akajibu kwamba husoma kila usiku, peke yake.

Tulirudi kimya. Daftari bado limo kabatini, na ule mstari mwekundu hatukuufuta. Tumeuacha ili kila kikao kikikaa, katibu yeyote atakayekuja baada yetu auone kabla ya kushika kalamu.

Tunamuomba Allah (s.w) awahifadhi mabinti na vijana wetu, awape wazazi macho ya kuona na ndimi laini, atusamehe tuliyoyatenda kwa kudhani tunailinda dini yake, na aijaalie misikiti yetu kuwa mlango wa kwanza wa mwenye khofu. Amin.

Wabillahi tawfiq.